Kipandio cha Mwisho cha Argia Sandrolini

Argia Sandrolini, binti wa Olindo Sandrolini aliyeziba mapaa ya Bologna vita vilipoyatoboa, mjukuu wa Cesira aliyechana nyuzi miaka arobaini katika kiwanda cha kamba, kitukuu wa Battista aliyemrushia askari wa Austria kigae kutoka juu ya paa na kumkosa, kosa ambalo ukoo mzima ulilijutia kwa miaka mia na zaidi: huyo ndiye aliyeshika ufunguo wa mnara wa Asinelli, na asiyemjua huyo hakuujua mji.

Alianza mwaka arobaini na saba, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Alipewa ufunguo na kitabu cha tiketi, akaambiwa afungue asubuhi na afunge jioni, basi. Lakini mwezi wa kwanza haukwisha kabla hajachoka kuwaona watu wakishuka wanatweta na kusema, "Kuzuri." Kuzuri tu! Kama mgeni aliyepakuliwa tambi za Krismasi katika mchuzi wa jogoo, akafuta mdomo na kusema zilikuwa za moto. Akawafuata juu. Vipandio mia nne tisini na nane, vyote vya mbao, vimebanwa kwenye kuta za ndani vikizunguka na kuzunguka, na Argia hakuwahi kupumzika hata kwenye sakafu moja ya katikati. Akifika juu anaanza kusema pale pale, pumzi yake imetulia kama ya mtu aliyetoka kitandani.

Alikuwa na pande nne. Kusini, kilima cha San Luca na ile njia ndefu ya matao inayompandisha mtu hadi kanisani bila kunyeshewa na mvua. Magharibi, Uwanja Mkubwa na kanisa la San Petronio, ambalo uso wake haujamalizwa hadi leo. Kaskazini, reli, dohani ya kiwanda cha kamba, na nyuma yake uwanda mtupu mpaka macho yachoke. Mashariki, mapaa mekundu ya mitaa inayoanzia miguuni mwa mnara na kutawanyika kama vidole vya mkono. Hakusoma hayo kwenye kitabu. Wakati wa vita, msichana wa miaka kumi na tisa, alimpelekea baba yake vigae kwa karai. Kila paa aliloonyesha kwa kidole, ama Olindo alilipanda, ama yeye mwenyewe alilibebea mzigo.

Tena kulikuwa na sheria yetu. Mwanafunzi akipanda mnara kabla hajahitimu, hatahitimu. Sheria hiyo haijaandikwa popote, wala hakuna mzaliwa wa Bologna anayethubutu kuivunja. Mtu husoma miaka mitano, sita, na wavivu kumi, anapita chini ya mnara kila siku akienda darasani, na hainui mguu. Siku ya kuhitimu ndipo huvaa taji la majani, yale yale yanayotiwa kwenye nyama, na kupanda na jamaa zake wote, wakiimba mambo ambayo shangazi hujifanya hasikii.

Argia aliilinda sheria hiyo kuliko maprofesa walivyolinda vitabu vyao. "Mwanafunzi wewe?" aliuliza akikodoa macho. "Mwaka wa ngapi? Wa tatu? Geuka, mwanangu. Mama yako hakuuza ng'ombe ili wewe uje kutazama mandhari." Mwaka hamsini na nane alikuja mwanafunzi wa sheria, mtoto wa Bari, ameazima kanzu ya padri ili apite. Argia akamtazama viatu. Akamwambia, "Baba Padri, kabla hujapanda, nisomee sala ya marehemu, baba yangu ametutoka juzi." Olindo alikuwa hai, anakula zabibu kwenye benchi hatua kumi kutoka pale. Kijana akaanza kwa ujasiri, akakwama katika neno la nne. Alirudishwa na kanzu yake. Miaka miwili baadaye alikuja na taji la majani na baba yake mzazi, akambusu Argia mkono.

Miaka thelathini na moja ikapita hivyo. Mwezi wa tisa mwaka sabini na nane, aliitwa ofisini.

Aliyempokea alikuwa bwana mdogo mwenye tai pana, na kila mtu mle ndani alimwita Daktari, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akimtibu mtu.

"Bi Sandrolini, kuna kanuni mpya," alisema Daktari. "Anayewaongoza wageni katika majengo ya kale lazima awe na cheti cha shule ya kati. Wewe una nini?"

"Nina darasa la tano."

"La mwaka gani hilo?"

"La mwaka ambao wewe ulikuwa bado hujafikiriwa. Tulifundishwa kuandika bila kufuta."

Daktari akatabasamu, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa karatasi tu. "Una nafasi mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Ukipata cheti, unaendelea. Usipopata, tutakuhamishia makumbusho. Ni kazi nzuri, ya kukaa. Unapokea makoti ya wageni."

"Makoti?"

"Unayatundika, unampa mwenyewe namba."

"Mwanangu," alisema Argia akifunga kitambaa chake cha kichwa, "mimi miaka thelathini na moja nimepokea watu. Koti likija lenyewe, nitalitundika."

Siku ya pili yake alijiandikisha katika masomo ya wafanyakazi, yale yaliyofunguliwa kwa ajili ya watu wa viwandani, kuanzia saa kumi na moja jioni, mara nne kwa wiki. Darasani walikuwa wafua vyuma kumi na wawili, mshona viatu mmoja, na Rosalba Nanetti, muuza matumbo wa Soko la Kati, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye mikono kama ya mpiga makasia na ulimi uliochongwa. Mwalimu aliitwa Milena Guidastri, mwembamba, angeweza kuwa binti wa Argia, lakini Argia alisimama alipoingia kwa sababu mwalimu ni mwalimu.

"Kaa, mama," Milena alisema.

"Nitakaa ukinikalisha kwa jina."

"Kaa, Sandrolini."

"Sasa tunaelewana."

Rosalba alimsogezea nafasi kwenye dawati. "Wewe ndiye bibi wa mnara? Nimepita pale maisha yangu yote na kapu la matumbo kichwani. Sijawahi kupanda."

"Una sababu?"

"Nina magoti."

Asubuhi iliyofuata ndipo mambo yalipoanza. Chini ya mnara wetu kulikuwa na wazee wastaafu, mikono nyuma, kazi yao kutazama kazi za watu. Mkubwa wao alikuwa Armando Bonfiglioli, kinyozi aliyewanyoa wanaume wa mtaa miaka arobaini na aliyejua siri zao kwa mpangilio wa alfabeti. Argia alipoingiza ufunguo mlangoni, Armando alikohoa.

"Argia. Tumesikia habari njema. Eti wewe sasa ni mwanafunzi."

"Umesikia sawa. Na wewe ungeenda, ungejifunza kunyamaza."

"Mwanafunzi hapandi mnara," alisema Armando.

Argia alibaki na ufunguo mkononi. Alikuwa hajalifikiria hilo. Usiku kucha alikuwa amefikiria mafungu ya sehemu na desimali, hili hakulifikiria hata kidogo.

"Hiyo ni ya chuo kikuu," alisema.

"Nani amesema?" alidakia mzee mwingine. "Yule binti wa shule ya ualimu, mwaka wa sabini na moja, si ulimrudisha? Alikuwa wa chuo kikuu?"

"Na yule wa ukunga," akaongeza wa tatu. "Alilia hapa hapa."

"Mkuki kwa nguruwe," alisema Armando kwa upole, akitazama angani.

Argia angeweza kucheka na kupanda. Hakuna kanuni ya ofisi iliyomzuia. Na asipopanda, wageni watasimama juu wenyewe kama kuku waliopotea, na ofisi haitangoja mwezi wa sita kumpa makoti. Lakini aliwakumbuka wote aliowageuza pale mlangoni, nyuso zao, wengine wamesafiri kutoka kusini kwa treni usiku mzima. Binti wa ukunga alikuwa na makovu ya ndui usoni. Kama sheria ilikuwa ya kweli kwake, ilikuwa ya kweli kwa Argia. Kama ilikuwa mchezo, basi kwa miaka thelathini na moja alichezea watu.

"Tujadili," alisema. "Kupanda ni nini?"

Wazee wakasogea. Hapo sasa wamepata kazi. Walibishana mpaka kahawa ya saa nne: wengine walisema kupanda ni kuvuka mlango, wengine kufika katikati, mmoja akasema ni kuona mji, kwa hiyo kipofu hajapanda. Mwishowe Armando alitoa hukumu, kidole juu kama jaji. "Aliyekanyaga kipandio cha mwisho ndiye aliyepanda. Asiyekikanyaga, yuko njiani."

"Basi mimi nitakuwa njiani mpaka mwezi wa sita," alisema Argia, akafungua mlango.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alipanda vipandio mia nne tisini na saba, akasimama. Pale alikuwa bado ndani ya shimo la ngazi, na mlango wa kutokea ulikuwa mfupi, wa kuinamia. Alichoona ni viatu, ukuta wa ukingoni na ukanda wa mbingu. Wageni walipita kando yake wakatoka nje kwenye upepo, naye akawahutubia kutoka shimoni.

"Geukeni mkono wa kulia! Mwenye viatu vya kahawia, wewe umegeuka kushoto. Haya. Mnaona kilima? Juu ya kilima kuna kanisa la duara kama kifuniko cha bakuli la supu. Hilo ndilo San Luca. Mwenye soksi nyekundu, acha kutazama mnara jirani ulioinama, haujaanguka kwa miaka mia nane, hautaanguka leo ili kukufurahisha."

Wageni walimpenda zaidi kuliko zamani. Wajerumani walimpiga picha, ameinama, nywele zake na pua tu zikitokeza mlangoni. Hakuwa na haja ya kuona. Mji ulikuwa kichwani mwake, kila kigae mahali pake. Darasani nako alikwenda vizuri katika historia, vizuri katika kusoma kwa sauti, na katika hisabati alikwenda kama mtu anayevuka mto kwa mawe yanayoteleza. Rosalba, ambaye tangu utotoni alipima matumbo kwa mizani, alimfundisha sehemu kwa kutumia kipande cha mkate.

"Robo ya nusu ni nini, Argia?"

"Ni njaa."

Mwezi wa tatu, siku ya Jumamosi ya baridi safi, alikuwa ameeleza kusini na magharibi. Akafika kaskazini.

"Mbele yenu reli. Kushoto kwa reli, dohani ndefu ya matofali. Hicho ni kiwanda cha kamba. Bibi yangu Cesira alichana nyuzi pale miaka arobaini, na hiyo dohani ndiyo iliyokuwa saa ya mtaa mzima."

Kisha sauti ya mwanamume, ya hapa hapa mjini. "Dohani gani, mama?"

"Kushoto kwa reli."

"Haipo."

"Angalia vizuri, mwenye viatu vyeusi."

"Mama, mimi ni dereva wa treni, napita pale kila siku ya Mungu. Waliiangusha mwezi wa kwanza. Wamesawazisha kiwanja chote."

Argia alishika mbao kwa mikono miwili. Mwezi wa kwanza! Kwa majuma tisa alikuwa amewaonyesha watu hewa, nao wameitazama hewa hiyo kwa adabu, wakaitikia, wakampigia makofi. Mwanamke mmoja wa Milano alikuwa hata amesema ni dohani nzuri.

Alingoja wageni wote washuke. Alibaki peke yake, kipandio kimoja kutoka juu. Upepo uliingia ukimpiga machoni. Alitaka kuona, si kwa udadisi, bali kama mtu aliyeambiwa kuna msiba nyumbani kwake na yeye yuko mlangoni. Hakukuwa na mtu. Armando na wenzake walikuwa mita tisini chini, hawasikii wala hawaoni. Akainua mguu wa kulia mpaka soli ikagusa ubao wa mwisho, ikagusa tu. Akausikia ubao ule baridi kupitia kiatu.

Akaushusha mguu. Kisha akashuka vyote vilivyobaki, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alipumzika kwenye sakafu ya katikati.

Jumapili alimpitia Rosalba baada ya misa. "Vaa viatu vya kutembea. Sheria inanikataza mnara, hainikatazi vilima."

Walipanda San Michele in Bosco, kilima kilicho kusini mwa mji, ambako kuna nyumba ya zamani ya watawa iliyogeuzwa hospitali. Mle ndani kuna ujia mrefu sana, na mwisho wake dirisha, na dirisha hilo limeushika mnara wa Asinelli kama picha kwenye fremu. Ukilisogelea, mnara unazidi kuwa mdogo. Ukirudi nyuma, unakua. Rosalba alienda mbele, akarudi nyuma, akaenda tena mbele, mpaka muuguzi akamuuliza kama amepotea.

"Kumbe mnara wenu una majivuno kama mwenye ufunguo," alisema Rosalba. "Ukiusogelea sana unajidai mdogo."

Argia hakucheka. Alitoka nje kwenye uwanja, mahali mji wote umelala chini, akatoa daftari la shule. Akaanza upande wa kaskazini. Alitazama kwa saa mbili, na kila kilichokosekana alikiandika, na kila kipya alikiandika: ghala la bati, jengo refu jeupe, miti iliyokatwa kando ya mfereji. Vitu kumi na saba! Tangu Jumapili hiyo hakukosa hata moja. Kilima hiki leo, San Luca wiki ijayo, na Jumatatu asubuhi alisema kutoka shimoni mambo aliyoyaona kwa macho yake. Wageni hawakujua tofauti. Yeye alijua.

Mtihani ulifika mwezi wa sita, joto la kuyeyusha lami. Siku ya kwanza insha, kichwa chake "Mahali ninapopafahamu." Siku ya pili hisabati. Swali la tatu Argia alikuwa ameliacha jeupe kama shuka.

Milena alimvuta pembeni kabla ya mtihani wa mdomo. "Sandrolini, nisikilize. Hisabati umekwama, siwezi kukuficha. Kilichobaki ni mdomo. Huo mdomo wako unaweza kukuokoa na unaweza kukuzamisha. Mwenyekiti wa watahini ni mtu wa Ferrara, hana mzaha. Jibu unachoulizwa, usizidishe."

"Nimekusikia, mwalimu."

"Umenisikia, lakini utazidisha."

"Kidogo."

Watahini walikuwa watano nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa na insha yake mkononi. Alimuuliza mambo ya umoja wa Italia, akajibu. Akamuuliza katiba, akajibu. Kisha akavua miwani.

"Umeandika hapa kwamba ulisimama hatua moja chini ya mahali pa kutazamia, miezi tisa, na hukutoka nje hata ulipogundua kwamba unawaeleza watu kitu kisichokuwapo. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa sababu ya ushirikina wa wanafunzi."

"Kwa sababu ya sheria ya mnara, bwana mwenyekiti."

"Mtu mzima, anayeomba cheti cha serikali, anaamini kwamba kipandio cha mbao kinafelisha watu?"

Milena, mwisho wa meza, alianza kuhesabu vigae vya sakafu. Argia aliiweka mikono yake mapajani. Alijua kwamba jibu hili ndilo mnara au makoti, na akajua vilevile kwamba hana jibu jingine.

"Ninachoamini ni kati yangu na padri," alisema. "Lakini mimi nimewarudisha vijana mlangoni pale, watoto wa majaji na watoto wa wakulima sawasawa. Wengine walilia. Mlango niliowafungia wao, siwezi mimi kupitia dirishani."

"Na ukishindwa leo? Utasemaje? Kwamba ulijizuia bure?"

"Nikishindwa leo nitakuwa nimeshindwa hisabati. Mnara hautakuwa na kosa lolote."

Mtahini mmoja, mama mnene wa sayansi, alicheka akaziba mdomo kwa leso. Mwenyekiti hakucheka. Aliinuka, akamwonyesha ukuta mtupu wa darasa. "Huko ni kaskazini. Nieleze."

Argia naye aliinuka. Aliueleza ukuta ule robo saa nzima. Reli na njia zake zinakokwenda, mfereji na mahali unapoingia ardhini, kiwanja kilichosawazishwa na kilichokuwapo kabla yake, mashamba, udongo wake, kinachopandwa na kwa nini nyumba kule hujengwa zimeinuka, mto mkubwa wa Po unavyofurika na mwaka uliozamisha watu.

"Na Ferrara?" aliuliza mwenyekiti.

"Ferrara haionekani, bwana mwenyekiti. Hata siku safi. Nimejaribu miaka thelathini na moja, si kosa langu."

Hapo ndipo mwenyekiti alipovaa miwani yake haraka na kuinamia karatasi, huku mabega yake yakitikisika.

Majina yalibandikwa mlangoni siku nne baadaye. Rosalba alisoma kwa sauti, kidole kikishuka. "Nanetti Rosalba: nzuri. Mama yangu! Nzuri! Sandrolini Argia..." Akasita.

"Soma."

"Inatosha."

"Inatosha nini?" alisema Argia. "Inamtosha nani?"

"Umefaulu, mama! Inatosha maana yake umefaulu!"

"Najua maana yake. Nauliza tu." Lakini alimshika Rosalba mkono, akaubana mpaka mwenzake akapiga kelele, naye hakuuachia hadi walipofika barabarani.

Chini ya mnara wazee walikuwa wamejipanga kama kwaya, na Armando ameshika taji la majani alilokata kwenye bustani ya parokia, tena kwa wizi, maana alikuwa na mikwaruzo mpaka kwenye viwiko.

"Inamisha kichwa, msomi," alisema.

"Taji ni la chuo kikuu, Armando. Mimi nina 'inatosha'. Hayo majani mpelekee mkeo ayatie kwenye nyama ya nguruwe."

"Nimeumia kwa ajili yako, mwanamke!"

"Basi ile nyama itakuwa tamu zaidi." Akamgeukia Rosalba. "Na wewe sasa huna udhuru. Twende, wewe na magoti yako."

Rosalba alipanda akimlaani Asinelli aliyeujenga, mama yake Asinelli, na fundi seremala. Argia alitangulia, hakusimama. Alipofika cha mia nne tisini na saba hakusimama vilevile. Alikanyaga cha mwisho kwa mguu wa kulia, uzito wote, akatoka nje.

Akaenda moja kwa moja kaskazini. Dohani haikuwapo. Palipokuwa na kiwanda palikuwa na ardhi ya njano na mashine moja ndogo. Alipatazama kwa muda, akapangusa pua kwa nyuma ya mkono, akaanza kulinganisha daftari lake na mji, jambo moja baada ya jingine. Vitu kumi na sita vilikuwa sahihi. Cha kumi na saba, ghala la bati, alikuwa ameliweka upande usio wake wa mfereji. Akakifuta.

Kutoka upande wa mashariki alisikia sauti ya Rosalba, iliyokuwa imepata pumzi tena.

"Lo! Nyumba ya masista ile, Mtaa wa San Vitale! Mpishi wao aliniapia kwamba hawana bustani, eti wanashindwa kulipa bei yangu kwa sababu wananunua hata vitunguu. Tazama bustani ile! Kabichi zimejipanga kama jeshi! Na pale, kwenye ua wenye kisima, anakaa mtengeneza vinanda. Kisima hicho kimekauka tangu sitini na tano. Na lile paa lililobonyea, usipite chini yake wakati wa mvua..."

Mume na mke, wageni wa Torino, walikuwa wamesogea. Kisha msichana na mama yake. Rosalba hakuwaona, alikuwa ameinama juu ya ukuta wa ukingoni akinyoosha mkono wake mnene, akiingia ua mmoja na kutokea mwingine. Tangu umri wa miaka kumi na minne alikuwa amepeleka matumbo katika majiko ya mitaa ile, na majiko ya Bologna hupitiwa uani.

Argia alifunga daftari akasikiliza. Yeye aliujua mji kwa mapaa yake. Huyu aliujua kutokea chini. Mambo matatu kati ya yale aliyoyasema Rosalba, Argia hakuwa akiyajua.

Wageni walipokwisha kushuka, alisema, "Ofisi inatafuta mtu wa pili. Mwenye cheti."

"Wampate."

"Nimempata. Kuanzia Jumatatu upande wa mashariki ni wako."

Rosalba alimgeukia mdomo wazi. "Wangu? Na matumbo?"

"Matumbo uza mpaka saa nne. Wageni hawaamki kabla ya hapo."

"Argia, mimi sijui kusema na watu wa nje."

"Umesema nao sasa hivi, hawakukohoa hata. Ila kuna mambo mawili uliyoyabahatisha, niliyaona usoni mwako. Hilo kanisa la pembeni hujaingia ndani yake, na ule mnara mdogo hujui ni wa nani."

Rosalba akageuka kulitazama tena lile kanisa.

"Hutasimama hapa kuonyesha kitu ambacho hukukiendea kwa miguu," alisema Argia, na akamwekea daftari mkononi, kalamu ikiwa katikati ya kurasa nyeupe. "Una Jumamosi na Jumapili. Anza Mtaa wa San Vitale, nyumba ya kwanza mkono wa kulia. Safari hii gonga mlango wa mbele. Wakikufungulia, waulize paa lao linavuja wapi."